Mwalimu kaandika "Msaidie nyumbani". Nianzie wapi?

Swali:

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali hapa Mbagala. Ripoti ya muhula wa kwanza imekuja na D nyingi, Hisabati kapata E, na chini mwalimu wake kaandika maneno mawili tu: "Msaidie nyumbani." Darasani kwao wako 94. Mimi niliishia darasa la saba, nauza genge, nafika nyumbani saa moja na nusu usiku. Dada yake yuko kidato cha kwanza ila wakikaa pamoja na madaftari ni ugomvi. Baba yake anataka tumhamishie shule ya Kiingereza, na pesa yenyewe hatuna. Kinachonichanganya ni kwamba nikimwambia asome, anasoma ukurasa mzima bila kukosea. Sasa D zinatoka wapi? Nimsaidieje?

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Hayo maneno mawili nayafahamu vizuri. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 26, na mwenyewe nimeyaandika kwenye ripoti nyingi sana za watoto wa watu, usiku, rundo la ripoti likiwa mezani, nikiamini mzazi atajua nina maana gani. Hadi mama mmoja aliponifuata shuleni na ripoti mkononi akaniuliza, "Mwalimu, nimsaidie nini?" Nikasimama pale sina jibu. Sikuwa nimekaa na mtoto wake hata mara moja kujua amekwama wapi. Kwa hiyo hili ninalokuandikia ni lile nililopaswa kumjibu yule mama.

Naanza na jambo lako la mwisho, maana ndilo lililonishtua. Mtoto mwenye D nyingi anayesoma ukurasa mzima bila kukosea, mara nyingi hasomi. Amekariri. Darasani habari husomwa kwa pamoja, mwalimu anatangulia na darasa zima linafuatisha kwa sauti, na mtoto mwenye masikio mazuri akiisikia mara nne tano anaishika yote. Nilikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyenisomea habari ya kuku vizuri kabisa, na vituo kaviheshimu. Nikaangalia kidole chake. Kilikuwa kwenye neno la tatu, mdomo umeshafika mwisho wa mstari. Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa: "mayai". Akalitazama muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, hiyo hatujafika." Alikuwa ameshaisoma, mara mbili, mbele yangu.

Basi usiku wa leo fanya hivi. Chukua kitabu kile kile anachokisoma vizuri. Funika picha. Mwambie aanze na mstari wa mwisho, halafu wa katikati. Kisha onyesha neno moja moja kwa kurukaruka. Akiweza, tatizo liko kwingine na nitalifikia. Akianza kubahatisha, akataja neno linaloanza na herufi ile ile lakini siyo lenyewe, akasema "mama" palipoandikwa "maji", umeshajua D zinatoka wapi. Usimkaripie, wala usimwambie kwamba alikuwa anakudanganya. Hakukudanganya. Yeye anaamini huko ndiko kusoma.

Ukiona hivyo, usidhani ni wewe peke yako. Tafiti za Uwezo chini ya shirika la Twaweza, zilizoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa nchini mwaka 2010, zilikuwa zinampa mtoto habari fupi ya kiwango cha darasa la pili aisome. Zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi. Na darasa la tatu ndipo shida inapojitokeza, kwa sababu la kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuanzia la tatu kitabu kinamhesabu mtoto kuwa anajua kusoma tayari. Sayansi ni kusoma, Jiografia na Mazingira ni kusoma, Historia ya Tanzania na Maadili ni kusoma. Ndiyo maana D zimekuja kwa pamoja. Yaelekea mwanao hakufeli masomo sita. Amekwama kwenye jambo moja, nalo linayavuta mengine yote.

Hatua inayofuata ni kujua amekwama ngazi gani. Kusoma Kiswahili kuna ngazi zake: kwanza sauti za herufi, halafu silabi, halafu maneno, halafu sentensi, mwisho habari nzima ambayo mtoto akiimaliza anaweza kukueleza imesema nini. Mwandikie kwenye karatasi, kwa herufi ndogo zilizo wazi: ma, le, ki, bu, so. Hizi ataziweza, nina hakika karibu yote. Kisha andika: nya, ndi, mwa, cha, nge, ng'o, shu, mbwa, dha. Hapo kaa umsikilize. Watoto wengi niliowapokea wakiwa wamekwama, wamekwama hapo hapo, kwenye konsonanti mbili au tatu zilizokaa pamoja. Lugha yetu ni ya huruma kwa mtoto anayejifunza kusoma, irabu ni tano tu na kila moja ina sauti yake isiyobadilika, lakini hizo konsonanti zinazobebana zinataka muda, na darasa la watu 94 halina muda huo. Kipindi ni dakika 40. Ukigawa sawasawa, kila mtoto hapati hata sekunde 26. Mwalimu wake si mvivu. Hesabu tu ndiyo hiyo.

Na sasa nakuja kwenye genge lako. Umeandika kana kwamba genge ndilo linalokuzuia kumsaidia mtoto, mimi naliona ni darasa zuri kuliko mabango mengi niliyowahi kuyabandika ukutani. Hebu tazama majina ya bidhaa zako. Nyanya ina nya mara mbili. Ndizi na ndimu zina ndi. Mchicha una m inayosimama peke yake, halafu chi na cha. Njegere ina nje. Tangawizi ina nga katikati. Kitunguu kina ngu, na u mbili zinazofuatana, ambazo watoto wengi huandika moja. Karoti na karanga zina r, ambayo kama nyumbani kwenu kuna lugha ya kikabila isiyotofautisha r na l, mtoto ataiandika l kwa sababu ndivyo anavyoisikia, na hilo linarekebishika kwa kuliona neno mara nyingi. Yaani silabi ngumu nyingi za Kiswahili umezipanga juu ya meza yako kila asubuhi, mtoto anazijua kwa sura, kwa harufu na kwa bei. Bado maandishi yake tu.

Chukua boksi tupu la sabuni au la biskuti, likate vipande vya ukubwa wa kiganja. Andika neno moja kila kipande, umwachie nafasi kidogo kati ya silabi na silabi: ki tu ngu u, ta nga wi zi. Aweke kidole chini ya kila silabi akiitamka, kisha azivute pamoja haraka. Maneno matano kwa usiku mmoja yanatosha. Akishayaweza matano, yachanganye na ya jana. Wiki ya pili kata hivyo vipande kwenye silabi, uzimwage mezani, umwambie atengeneze maneno mapya: nya na ma zinatoa nyama, ndi na mu zikikaa vizuri zinatoa ndimu, zikigeuzwa hazitoi kitu, na hilo nalo ni somo. Jumamosi awe mwandishi wa vibao vya bei: "Nyanya fungu 500", "Mchicha fungu 300". Akikosea herufi, kibao hakipandi mezani hadi akirekebishe. Niamini, mtoto aliyechoka kuandika daftari ataandika kibao cha genge mara tatu bila kulalamika, maana kuna watu watakisoma. Saa moja hivi ya Jumamosi inatosha. Usimweke gengeni jioni za shule.

Kama bado anachanganya b na d kwa miaka yake tisa, mfundishe hivi. Akunje ngumi mbili, vidole gumba vimesimama juu, vifundo vya ngumi vigusane, viganja vimwelekee yeye. Ngumi ya kushoto ni b, ya kulia ni d. Kisha mwambie neno "bado": linaanza na b, kushoto, d inakuja baadaye, kulia. Kila akisita kwenye daftari atazitazama ngumi zake. Wengine huacha wenyewe baada ya wiki chache.

Hayo ni ya silabi na maneno. Ila jambo ambalo ningekuomba ulishike kuliko yote ni robo saa ya kusoma kwa sauti kila usiku. Siyo saa moja. Robo saa, siku tano za wiki. Unafika saa moja na nusu, unachambua mboga au unakoleza moto, yeye akae karibu yako na kitabu. Hizo ni dakika 75 kwa wiki ambazo mtu mmoja anamsikiliza yeye peke yake, kitu ambacho darasani hakipati.

Aanze kurudia aya ya jana, ili aonje kusoma bila kukwama. Kisha aya moja mpya, taratibu, kidole chini ya neno. Akikwama, wewe nyamaza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Hapo ndipo wazazi wengi tunapoharibu, tunamtajia neno kwa sababu ukimya unatuuma, na mtoto anajifunza kwamba akisubiri neno litakuja. Baada ya tano, mwonyeshe silabi ya kwanza tu: "Hii inasemaje?" Akilipata neno, arudi mwanzo wa sentensi aisome yote, asije akabaki na vipande vipande kichwani. Ukiona katika kila maneno kumi anakwama kwenye zaidi ya moja, kitabu hicho kimemzidi, shuka hadi cha darasa la pili au hata la kwanza. Najua mtoto ataona haya. Mwambie anamwandalia hadithi mtoto mdogo wa jirani au mdogo wake, amsomee siku ya Jumapili. Akiwa na mtu wa kumsomea, haya zinakwisha.

Akimaliza, mwulize maswali mawili. Moja ambalo jibu lake limeandikwa pale pale: nani alienda sokoni? Jingine ambalo halikuandikwa: unadhani kwa nini alikasirika? Hapa ndipo elimu yako ya darasa la saba inatosha na kubaki. Hujaombwa kumfundisha Sayansi. Umeombwa umsikilize na umwulize habari inasema nini, kama ambavyo ungemwuliza mtu aliyetoka msibani au harusini. Na zile hadithi ulizosimuliwa na bibi yako, "hadithi hadithi, hadithi njoo", na vitendawili vya usiku umeme ukikatika, usividharau. Mtoto aliyezoea kutega na kutegua kitendawili ameshajifunza kutafuta maana iliyofichwa nyuma ya maneno, na ufahamu kwenye mtihani unataka hivyo hivyo.

Vitabu usipokuwa navyo, Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao yake, vinasomeka bure kwa simu. Na nyumbani kuna maandishi zaidi ya unavyodhani: mfuko wa unga, kibao cha daladala, tangazo la msikitini au kanisani, jina la kanga. Kumbuka tu kwamba kanga huandikwa kwa herufi kubwa, na mtoto aliyezoea ndogo anaweza kushindwa kanga huku kitabu anakiweza. Usimhukumu kwa hilo, mfundishe kuwa A na a ni mtu na kivuli chake.

Kuhusu dada yake. Ugomvi wao naufahamu, nimeuona kwenye nyumba nyingi, na kwa kawaida chanzo chake ni kwamba tumempa mtoto mkubwa kazi ya ualimu bila kumfundisha ualimu. Anajua jibu, anaona mdogo wake anachelewa, anamnyang'anya kalamu. Usimpe kazi ya kufundisha. Mpe ya kusikiliza, siku mbili kwa wiki, na kanuni moja: haruhusiwi kugusa kitabu wala kalamu, na anahesabu tano kabla ya kufungua mdomo. Naye ana mzigo wake, kidato cha kwanza ndipo masomo karibu yote yanapogeuka kuwa ya Kiingereza, kwa hiyo asibebeshwe mdogo wake kila usiku.

Sasa Hisabati. Kabla hujaamini ile E, fanya jaribio moja. Tafuta kwenye daftari lake mafumbo aliyokosa, yale ya "Mama ana machungwa kadhaa, akauza kadhaa". Msomee wewe kwa sauti, yeye asitazame karatasi. Akikupa jibu sahihi, hisabati anaijua, ni kusoma tena kulikomwangusha, na hapo umepunguza shida moja. Mafumbo yakipona, geukia hesabu za kutoa zenye kukopa. Nitashangaa kama hutakuta kitu kama hiki: 52 − 27 = 35. Hiyo 35 haikutoka hewani. Kaona 2 na 7, akaona 2 haitoshi kutoa 7, basi akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kisha 5 kutoa 2, akapata 3. Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu kila mara, na ni kanuni mbovu. Ukimwandikia "kosa" mara mia haitabadilika, kwa sababu haoni kosa liko wapi.

Nunua viberiti viwili vitatu. Mfungie njiti kumi kumi kwa raba, vifurushi vitano, na njiti mbili pembeni. Hiyo ni 52. Mwambie akupe 27. Atatoa vifurushi viwili bila shida, kisha atatafuta njiti saba, ataziona mbili. Mwache ahangaike. Mwenyewe atafungua raba ya kifurushi kimoja. Dakika ile anayofungua raba ndiyo kukopa kwenyewe, ambako mwalimu wake anakuchora ubaoni kwa kakistari kadogo juu ya tarakimu. Atabaki na vifurushi viwili na njiti tano. Rudia usiku nne tano kwa namba tofauti, kisha aandike huku anafungua, kisha aandike bila njiti.

Halafu mfundishe njia yako. Mteja akinunua vitu vya 3,400 akakupa noti ya 5,000, huandiki popote. Unaanzia 3,400, unaweka 100 ifike 3,500, unaweka 500 ifike 4,000, unaweka 1,000 ifike 5,000, chenji 1,600. Hiyo ni hesabu ya kutoa, na ni njia sahihi kabisa. Kwenye 52 − 27 ni hivyo hivyo: kutoka 27 hadi 30 ni 3, hadi 50 ni 20, hadi 52 ni 2, jumla 25. Aitumie kuhakiki jibu alilolipata kwa kukopa. Nimewaona wazazi wengi sokoni wanaosema "mimi hesabu sijui" huku mikono yao inahesabu chenji haraka kuliko mwalimu. Mwanao akikuona unafanya na ukamweleza unachokifanya, atajua kwamba hesabu zina mwenyewe nyumbani. Kuzidisha nako kuko pale pale: mafungu sita ya nyanya tano tano.

Baba yake mwambie hivi, kwa heshima, maana hofu yake ina msingi. Sekondari ni Kiingereza, na kila mzazi anaiogopa siku ile. Lakini mtoto asiyeweza kuunganisha silabi kwa lugha anayoiota usiku, ukimpeleka kwa lugha asiyoielewa ataongezewa ukuta wa pili mbele ya ule wa kwanza. Kiingereza hakisomeki kama kinavyoandikwa, Kiswahili kinasomeka. Mtoto aliyejua kusoma kwa Kiswahili anao ufunguo tayari. Akishasoma vizuri, mkazungumzie shule mkiwa na pesa na utulivu. Tuisheni vivyo hivyo: kama ni watoto 40 chumba kimoja wananakili ubao, mmelipia darasa jingine lile lile. Kama ni mwalimu mwenye watoto watano wanaosoma mmoja mmoja, hiyo ina maana.

Viboko kwenye kusoma, hapana. Sisemi kwa nadharia. Mtoto anayetetemeka hubahatisha haraka ili adhabu ipite, na kubahatisha ndiko tunakotaka akuache.

Likizo hii ya Juni mpeleke pia akapimwe macho, na kama sikio liliwahi kutoka usaha, akapimwe na masikio. Dalili za macho unaweza kuziona mwenyewe: anakisogeza kitabu puani, anafinya jicho moja, ananakili ubaoni vibaya lakini kitabuni vizuri. Niliwahi kuwa na mtoto niliyemweka nyuma mwaka mzima nikimwona mzito, kumbe ubao haukuwa ukimfikia. Hilo linaniuma hadi leo.

Shule zikifunguliwa, nenda kwa mwalimu wake asubuhi kabla ya vipindi au mchana watoto wametoka. Usiende kulalamika kuhusu ripoti, nenda na kadi zako za maboksi na daftari. Mwambie: "Mwalimu, silabi hizi anaziweza, hizi bado, na kutoa kwa kukopa tumefikia hapa." Kisha mwombe mambo mawili tu. Amsogeze viti vya mbele. Na akuandikie kwenye daftari, kila Ijumaa, silabi au aina moja ya hesabu ya kufanyia kazi wiki inayofuata. Mwalimu mwenye watoto 94 hawezi kukuandalia mpango, lakini mstari mmoja wa Ijumaa anauweza, na mzazi anayekuja na kadi mkononi hasahauliki. Mwakani kuna upimaji wa taifa wa darasa la nne. Kutoka sasa mna mwaka mzima na zaidi, na kwa mtoto wa miaka tisa anayesikilizwa kila usiku huo ni muda mrefu.

Niandikie tena mwezi wa tisa. Uniambie vibao vya genge vikoje, na ulipofunika picha alisoma mistari mingapi.